Mistari ya Kitanda cha Saba

Picha zilikuwa kumi na mbili, zimetandazwa juu ya meza ya kulia, na Mama alikuwa ameonywa asiziguse kwa mikono yenye maji. Akajifuta kwenye aproni, akavuta kiti.

"Ndiyo hospitali yako ya zamani," binti yake alisema. "Niambie ukweli, si maneno ya kunifurahisha."

"Lini nimewahi kukufurahisha kwa maneno?"

Binti alicheka. Alikuwa kitindamimba, mwenye miaka ishirini na minane: alipiga picha za harusi kwa riziki na za magofu kwa mapenzi. Jumamosi picha hizi zingetundikwa kwenye ukumbi wa maktaba, maonyesho yake ya kwanza, na tangu asubuhi hakuwa ametia kitu kinywani.

Mama alikuwa nesi mstaafu. Alizipitia picha moja moja, midomo imebanwa, kama anayekagua wodi. Hospitali ilifungwa mwaka aliozaliwa binti, wagonjwa wakahamishiwa hospitali kubwa, na majengo yakaachiwa popo. Mmea mtambaazi ulikuwa umeingia kwa dirisha la jikoni, umeshika bomba na kupanda mpaka darini. Kwenye chumba cha kufulia, milango ya makabati ilikuwa imeoza. Lakini Mama hakutazama uozo.

"Ona vitanda hivyo. Ona miguu yake! Tulivipanga kwa uzi, mtu huku na mtu kule, siku ya mwisho kabisa, hakuna mgonjwa hata mmoja. Bado vimenyooka."

"Mlivipangia nani sasa?"

"Bi Saa alisema wodi haifungwi ikiwa imevurugika. Basi."

Bi Saa alikuwa sista mkuu wa wodi. Alipewa jina hilo kwa saa aliyoibandika kifuani kichwa chini, na kwa kuwa ukichelewa dakika mbili alikutazama mpaka ukatamani ardhi ipasuke.

Picha ya mwisho ilikuwa ya wodi ya waliopooza. Juu ya kila kitanda, ukutani, palikuwa na safu za mistari midogo myekundu, mmoja umelalia huku, mwingine kule. Chini yake binti alikuwa ameweka kipande cha karatasi: *Siku Bila Hesabu. Wagonjwa waliotelekezwa walihesabu mateso yao ukutani, kama wafungwa.*

Mama alicheka. Halafu akaacha kucheka.

"Mtu aliyepooza kiwiliwili kizima anasimamaje kuchora ukutani? Hapa ulitumia kichwa au kofia?"

"Mama!"

"Hiyo ni mistari yetu. Mgonjwa asiyejiweza akilalia upande mmoja mchana kutwa, ngozi inachubuka, kisha inaoza. Kwa hiyo kila saa mbili tunamgeuza. Ukimlaza kushoto, mstari unaulaza kushoto. Kulia, kulia. Safu moja ni siku moja. Anayekuja baada yako hana haja ya kuuliza. Jumamosi ukuta unafutwa, tunaanza upya. Wiki ile ya mwisho hakukuwa na Jumamosi, tulifunga Ijumaa. Miaka kumi na minne Bi Saa aliongoza wodi ile, na hakuna mgonjwa aliyepata kidonda chini ya uangalizi wake. Si mmoja! Nawe unamwandikia jela?"

Binti aliinamisha kichwa. "Nimemwalika. Mjukuu wake atamleta."

Jicho la Mama lilikuwa limefika kitanda cha saba, Jumatano. Saa sita mchana: kushoto. Saa nane: kushoto tena. Mkono uliochora ule wa pili aliujua vizuri, kwa sababu ulikuwa wake. Alichora mstari, akatoka mbio. Hakumgeuza mtu.

Kwenye kitanda cha saba alilala fundi viatu, pande la mtu. Alihamishwa Ijumaa, ngozi yake nzima, na Mama akashukuru bahati kimyakimya. Kwa miaka yote hiyo hakumwambia yeyote, hata mumewe.

"Kama picha hiyo inakuudhi, nitaitoa," binti alisema. "Zitabaki kumi na moja. Hakuna atakayejua."

Njia ilikuwa nyeupe kabisa. Itolewe picha, na siri iozee gofuni. Lakini Bi Saa angekuja na fimbo yake, aone jiko, aone makabati, na kazi aliyoipa ujana wake asiione popote.

"Iache," Mama alisema. "Maelezo nitayaandika mimi. Nipe kalamu kabla sijabadili mawazo."

Jumamosi Bi Saa alifika dakika tano kabla ya mlango kufunguliwa. Miguu ilikuwa imechoka, ila macho, kwa msaada wa miwani, yalikuwa yaleyale. Picha ile mezani ilikuwa ukubwa wa daftari. Hapa ilikuwa ukubwa wa mlango. Alisoma maelezo ya Mama mara mbili, akakohoa kidogo, akaanza kupita kitanda kwa kitanda. Kwenye cha saba alisimama.

"Jumatano, zamu ya asubuhi, alikuwa nani?"

Mama alijikuta amesimama wima, mikono nyuma. "Mimi, Sista."

"Kushoto saa sita. Kushoto saa nane."

"Ndiyo, Sista. Nilichora bila kumgeuza. Zamu ilikuwa inaisha, nikakimbilia kunyonyesha."

"Kumnyonyesha nani?"

"Huyu." Mama alimwonyesha mpigapicha, ambaye alitamani kamera ya kujifichia uso.

Bi Saa alimpima binti juu mpaka chini. "Ameshiba," alisema. Kisha akainua fimbo, akaisogeza karibu na picha. "Na wewe siku hizi huoni? Tazama hapo."

Mama alisogea. Kando ya mstari wake wa uongo, umebanwa kwenye nafasi isiyotosha hata kucha, palikuwa na mstari mwingine, mfupi, mwembamba. Umelalia kulia.

"Hujafika hata getini, nimeshamgeuza," Bi Saa alisema. "Peke yangu. Kiuno changu bado kinamkumbuka fundi yule."

"Mbona hukuniambia, Sista?"

"Alhamisi ulimgeuza kabla saa haijafika, na ukamsugua mgongo bila kutumwa. Ningekuambia nini tena?"

Mama alishika mkono wa mwanamke yule, mkavu, mifupa mitupu, akaubusu kama mtoto.

"Acha hayo, watu wanakuja," Bi Saa alisema, ingawa hakuuondoa. "Na picha hii imepinda."

Mama alishika pembe moja, binti akashika ya pili.

"Kushoto kidogo," Bi Saa aliamuru. "Nimesema kidogo! Haya, sasa kulia."