Mjumbe wa Nyuma ya Tangi

Mwanamume mzima, karani wa ghala la mbegu mjini Eldoret, alikuwa amejibanza nyuma ya tangi la maji la nyumba yake mwenyewe. Mama mkwe alikuwa amefika kutoka Burnt Forest, na Wabuge, Mbukusu aliyelelewa akaleleka, asingethubutu kukaa naye chumba kimoja, kumtazama usoni wala kumsemesha yeye kwanza. Kwao heshima ya mkwe ni kumpisha. Kwa mama huyo, Mama Njenga, Mkikuyu asiyeyajua hayo, mkwe anayetoroka kila akikuona ana dharau tu. Binti yake Waiyego, mke wa Wabuge, alikuwa amemweleza mara kumi, naye kila mara aliuliza ni heshima gani hiyo ya kumpa mtu kisogo.

Siku hiyo, lakini, Wabuge alitamani sana kuingia. Alimsikia mama huyo akitangaza kwa Kiswahili, makusudi ili asikike hadi nje, kwamba amekuja kumchukua Nelima.

Nelima alikuwa na miaka sita. Baba alimsemesha Kibukusu, mama Kikuyu, na Kiswahili akajiokotea kwa majirani wa mtaa wao wa Langas. Matokeo yake, Kikuyu chake kilikuwa na uzito wa Kibukusu, kila b ikigongwa ikawa p, nacho Kibukusu chake kilipanda na kushuka kama Kikuyu cha wauza viazi wa Burnt Forest. Pasaka alipowasalimia akina mama kanisani huko, benchi zima liliangua kicheko, na nyanya yake akarudi nyumbani na aibu yake. Sasa alitaka mtoto akae kwake mwaka mzima, asome huko, ulimi unyooke.

Mwaka mzima bila Nelima, nani angemkimbilia langoni jioni? Wabuge alimpungia mkewe mkono kupitia dirisha la jikoni. Waiyego, mwiko mkononi, akiponda mukimo wa viazi na mahindi, alimjibu kwamba amechoka kuwa daraja la kukanyagwa na pande zote mbili. Kama ana neno, atafute mtu wa kulipeleka. Ndipo Wabuge akamwita mtoto mwenyewe.

Kazi ikaanza. Nelima alipokea Kibukusu cha baba, akakimbia nacho hadi sebuleni, akakimwaga kwa Kikuyu, kisha akarudi mbio na jibu. Baba alisema mtoto ana shule yake hapa. Nyanya alisema hata Burnt Forest kuna shule, tena zina walimu. Baba alisema mtoto ni mdogo, atamlilia mama yake. Nyanya alisema yeye amelea saba na hakuna aliyekufa kwa kulia. Mjumbe hauawi, wanasema, lakini huyu alikaribia kuuawa na mbio. Safari ya tano aligoma mpaka apewe andazi.

Wabuge akaona maneno ya adabu yamemwishia. Alichuchumaa, akamshika mtoto mabega, akasema polepole kwa Kibukusu.

"Mwambie nyanya naogopa. Mama yangu alikufa kabla hujazaliwa, na wewe ndiye niliyekupa jina lake. Nikikuita kwa lugha yake, naona kama bado yuko. Ukienda mwaka mzima, hapa nitaongea Kibukusu na nani?"

Safari hii Nelima hakukimbia. Alitembea huku midomo ikicheza, asije akasahau. Wabuge alikijua Kikuyu cha kutosha kufuata, na kutoka pale nje alimsikia akiyafikisha yote, hata lile la kuogopa. Zile p zake nzito zilikuwa mahali pake, moja moja. Hakuna aliyecheka.

Mwiko ulitulia jikoni. Kisha kiti kililia, na nyanya akamwuliza mtoto kitu kwa kunong'ona, mara mbili, mara tatu. Hatua zikaja hadi mlango wa nyuma, zikaishia kwa ndani. Wabuge aliona pindo la sketi tu. Mama Njenga alikuwa amesimama nyuma ya mlango, amegeukia ukuta, amempisha mkwe wake.

"Murembe, papa wa Nerima," alisema, akimsalimia baba Nelima kwa Kibukusu, kila l imegeuka r. Akameza mate, akahamia Kiswahili. "Mtoto atakuja likizo tu."

Miaka saba ya ndoa, na hiyo ndiyo salamu ya kwanza Wabuge kupata kwa mama yule. Aliinamisha macho chini, akatafuta Kikuyu chote alichokuwa nacho, na kikatoka kigumu kama mahindi makavu.

"Ni wega, maitu," alisema. Asante, mama.

Nelima, aliyekaa kizingitini katikati yao, alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akacheka mpaka andazi likamdondoka. Nyanya akamwuliza anacheka nini.

"Cucu," akasema, kwa Kiswahili ili wasikie wote, "kumbe hata nyinyi mnaongea kama mimi."