Jina la Kazi ya Tatu

Hakuna aliyemlazimisha Dhadho kusema. Hilo tuliweke wazi mapema, maana baadaye alitafuta wa kumlaumu akakosa.

Kisima chenyewe kiko nje kidogo ya Garsen, bonde la mto Tana, upande wa malisho, na kina pampu ya umeme wa jua. Maji yake huenda njia mbili: birika la ng'ombe wa wafugaji, na tangi la wakulima ambao mashamba yao hayafikiwi na mto. Pampu huendeshwa na boksi la kijivu ukutani, lenye kompyuta ndogo ndani yake. Kampuni iliyolileta ilishakufa, na msimbo chanzo, yale maandishi ya programu ambayo binadamu anaweza kuyasoma, ukafa nayo. Kiangazi kilipokaza, boksi likaanza kuzima pampu mchana kweupe, ng'ombe wamejipanga na madumu yamejipanga.

Gumato ndiye aliyemtaja Dhadho, kijana wa wakulima. Alikuwa katibu wa kamati ya maji, binti wa wafugaji, na alisoma na Dhadho darasa moja. "Huyu ni ndugu yangu," aliiambia kamati. "Ana kichwa ya kompyuta. Mpeni yeye." Wakampa.

Na kazi aliifanya, tusimnyime haki yake. Alibana waya kwenye chipu akanakili kila kilichomo. Alichopata ni amri tupu za mashine, maelfu kwa maelfu, hazina jina wala maelezo. Kuanzia hapo hadi kukielewa kiini cha mfumo, ile sehemu inayoamua kazi ipi ifanyike sasa na ipi ingoje, ni kupapasa ukuta gizani. Unaona amri inafungua vali, hujui ni vali gani. Kila kipande unachodhani umekielewa unakipa jina lako mwenyewe, usije ukakipoteza. Ndiyo desturi ya kazi hiyo, na hapo ndipo Dhadho alipojikwaa.

Kiini kilikuwa na kazi tatu. Ya kwanza ilijaza birika; akaiita Birika. Ya pili ilijaza tangi, akaiita Tangi. Ya tatu ilizishinda nguvu zote mbili. Ikiamka, hufunga kwanza bomba la tangi, yaani la wakulima. Isiporidhika, huzima pampu nzima. Na iliamka zaidi wakati wa kiangazi, mifugo inapomiminika kutoka kila upande.

Mtu wa kwingine angejiuliza mengi hapo. Mtu wa Tana hujiuliza moja tu: hii ni zamu ya maji ya nani? Dhadho alikulia katika ugomvi wa njia za ng'ombe na mahindi yaliyokanyagwa, na mamake, Swaleha, alikuwa na miche ya maembe inayongojea maji ya tangi hilo. Akakumbuka kwamba mafundi waliofunga boksi walipokelewa na Gumato, wakanywa chai kwake. Akacheka peke yake, kisha akaiandikia kazi ya tatu jina: Gumato.

Palibaki kipande kimoja. Kabla ya kuamka, kazi hiyo ilisoma namba kutoka kwenye waya ulioshuka kisimani. Dhadho hakujua ni namba za nini. Alijiambia ni kina cha maji, akapita.

Siku ya mkutano, mwenyekiti Mzee Ahmad alimuuliza, "Umeisoma yote, mwanangu?"

"Yote, mzee," Dhadho akasema. Angenyamaza hapo. Lakini watu walikuwa wanamtazama kwa heshima, na heshima ina ulevi wake. "Humu ndani kuna kazi inawafungia wakulima maji makusudi. Mimi nimeipa jina Gumato. Waliokunywa chai yake wanajua kwa nini."

Wakulima waliangua kicheko, kisha kicheko kikageuka manung'uniko. Gumato alisimama. Alimtazama Dhadho kana kwamba anasubiri aseme ni mzaha, na Dhadho hakusema. Basi akaweka mhuri wa kamati mezani, akatoka.

Dhadho aliikata kazi ya tatu. Pampu ikavuta toka jua linachomoza hadi linazama, tangi likafurika, na Swaleha akasifiwa kuwa amezaa.

Haukupita muda mrefu ng'ombe wakaanza kufika birikani, kunusa, na kurudi nyuma. Miche ya maembe ikaungua pembezoni mwa majani. Swaleha alionja maji ya tangi, akatema. "Dhadho, haya ni ya chumvi."

Alikwenda kisimani peke yake. Akauvuta ule waya, akakuta mwisho wake vipande viwili vya chuma vyenye ukoko mweupe. Akavitumbukiza kwenye chupa ya maji ya kunywa. Namba kwenye kompyuta ikashuka. Akavitumbukiza kwenye birika, ikaruka juu. Haikuwa zamu ya mtu. Maji matamu ya kisima kile yamekaa juu ya maji ya chumvi; ukivuta bila kupumzika, ya chini hupanda. Kazi ya tatu ilikuwa inaonja chumvi. Ilifunga tangi kwanza kwa sababu tangi ndilo lenye bomba nene, linalovuta maji mengi zaidi. Dhadho alikaa chini kwenye tope la ng'ombe. Mdomo ulikuwa umemponza, na aliyeponzwa nao zaidi ni mwingine kabisa.

Alilirudishia boksi programu yake ya awali, kisha akaenda kwa kina Gumato. Alimkuta nje, akimnywesha ndama kwa ndoo maji yaliyobebwa kutoka mtoni.

"Nimekosa, dada," akasema. "Naomba msamaha."

Gumato hakuinua macho. "Ulinisema hapa?"

"La."

"Ulinisema wapi?"

"Mkutanoni."

"Sasa umekuja kuniomba msamaha mbele ya ndama. Nenda kule kule."

Akaenda kule kule. Watu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza, Gumato akiwa mmoja wao, maana chumvi huita mkutano kuliko tarumbeta. Dhadho alieleza ule waya, akaeleza chumvi. Kisha akafika penye neno lenyewe. "Nilisema nimeisoma yote. Nilidanganya. Sehemu nisiyoielewa ndiyo niliyoitumia kumchafua Gumato. Hakumfungia mtu maji. Ni mimi niliyewaharibia maji."

Hakuna aliyecheka. Mamake alitazama chini, na hilo lilimuuma kuliko matusi. Mzee Ahmad akausogeza mhuri kuelekea kwa Gumato. Gumato hakuugusa.

"Nitalifuta jina lako sasa hivi, kila mtu aone," Dhadho akasema, akafungua kompyuta.

"Hiyo kazi ya tatu," Gumato akamuuliza, "ndiyo ilikuwa inalinda maji ya sisi wote?"

"Ndiyo."

"Basi usifute. Wewe umeniita hivyo mbele ya watu, wacha iwe hivyo. Kila ukifungua hiyo mashine yako, unione."

Akauchukua mhuri wake, akakaa. Dhadho alibaki amesimama, kidole juu ya kitufe, na jina likabaki kwenye kioo.