Doriani la Kukatwa

Bi Khairat alipopiga hodi mlangoni kwangu Jumamosi ile asubuhi, kabeba kikapu chenye doriani lililofunikwa kawa, nilijua mara moja kilichomleta. Mkwe hatoki Mtambile mpaka Kengeja na doriani mkononi kuja kuuliza hali tu. Katumwa. Na aliyemtuma ni mumewe, baba yake Fahmi, mtu ambaye hata magharibi huiona imechelewa kuadhiniwa.

Fahmi ndiye mchumba wa binti yangu Nusaiba. Neno walilomtuma mama yake nilikuwa nimeshalipata kwa watu: wanataka ndoa ifungwe kabla ya Ramadhani. Nusaiba mwenyewe yuko Thailand, mji wa Chiang Mai, anasomea usindikaji wa vyakula, na mitihani yake ya mwisho ni mwezi wa sita. Akirudi sasa, masomo yamekufa. Akikataa, uchumba umekufa, na Nusaiba anampenda kijana, hilo halinipiti, maana akilitaja jina lake sauti hulainika. Mimi mwanangu nilimtakia yote mawili, na sikuwa tayari kupunguza hata moja.

Sasa, kwetu mjumbe hatoi neno mpaka ale, anywe, anawe mkono. Nikasema moyoni, basi leo Bi Khairat atakunywa chai mpaka aelee.

Nikapokea kikapu kwa shukurani nyingi, nikakipeleka jikoni, nikakinusa. Doriani, kwa harufu yake, haliingii nyumbani majirani wasijue, lakini hili lilikuwa limenyamaza kama mwizi. Nikalipindua, nikakitazama kikonyo chake, nikalirudishia kawa.

Nikatandika mkeka, nikaweka mkate wa kumimina na chupa ya chai, kisha nikampigia Nusaiba simu ya video. Kwetu ni asubuhi, lakini kwao jua lilikuwa limeshapinduka.

"Mwanangu, mama mkwe wako yupo hapa. Si ulisema leo unautembelea mji? Haya, tutembeze. Usiache kitu."

Nusaiba alinitazama mara moja tu, akajua mama yake yumo kazini. Nimemzaa mimi yule.

"Shikamoo, mama," akamwamkia Bi Khairat.

"Marahaba. Hujambo? Mbona umekonda? Na nani huyo anokushikia simu?"

"Naishika mwenyewe, mama."

Nikaiegemeza simu kwenye chupa ya chai, matembezi yakaanza. Tukaoneshwa handaki la maji lililouzunguka mji wa kale, na kuta za matofali zilizobomoka pembeni yake. Tukaoneshwa magari mekundu yenye mabenchi mawili nyuma. "Ah! Si gari zetu za Kengeja hizi?" akasema Bi Khairat. "Kumbe kafika kote kule kupanda gari ile ile!" Kila mwanamme aliyepita mbele ya kamera alikaguliwa kichwa mpaka viatu.

Mwishowe akakohoa. "Asma, mie nna neno..."

"Kunywa kwanza, mkwe wangu, chai inapoa."

Nusaiba akafika mbele ya hekalu lenye ngazi ndefu, na kila upande wa ngazi limelala joka.

"Astaghfirullah! Mwanangu, usipande huko!"

"Sipandi, mama, natazama tu. Na hayaumi, ni ya saruji."

Mtawa mmoja mwenye shuka la rangi ya manjano akawa anakuja, na alipomkaribia Nusaiba akajitenga pembeni ya njia. Bi Khairat akakunja uso. "Huyo kamfanyia nini mtoto wetu? Kamuona najisi?"

"La, mama. Hawa mwiko kwao kumgusa mwanamke, ndio maana kapisha."

Bi Khairat akatafuna mkate wake kwa muda. "Wana adabu kuliko wanaume wetu wa bandarini," akasema, na mimi nikammiminia chai nyingine huku nimeuuma mdomo nisicheke.

Kisha tukaoneshwa msikiti. Bibi mmoja mwenye uso wa Kichina, kajitanda ushungi, akaisogelea simu na kutupa salamu, "Asalam aleikum." Bi Khairat aliitikia kwa sauti mpaka kuku wakakimbia uani. Machozi yakamlenga. "Kumbe wamo!" akasema. "Kote kule, wamo!"

Nilidhani nimeshinda. Lakini chai ina mwisho wake, na chupa yangu ilipotikiswa haikujibu. Bi Khairat akanawa mkono, akajifuta, akajiweka sawa kwenye mkeka. Sikuwa na kikombe kingine cha kujifichia.

"Asma, sasa nisikilize. Nimetumwa..."

"Mama, tazameni!" Nusaiba akapiga kelele kutoka sokoni.

Ni madoriani. Yamepangwa rundo, makubwa kama vichwa vya ng'ombe. Shingo ya Bi Khairat ikageuka yenyewe. Mtambile nzima hakuna mdoriani wenye sifa kama wa kwao, na mtu wa doriani humwambii kitu mbele ya doriani.

"Yameanguka leo?" akauliza.

Nusaiba akamuuliza muuzaji, wakaelewana kwa ishara na vicheko. "Hayakuanguka, mama. Wanapanda mtini wakayakata. Anasema yataivia sokoni."

"Kukata!" Bi Khairat akakiinua kidole. "Doriani halikatwi! Doriani huachwa juu mpaka likaanguka lenyewe, kwa wakati wake. Ukilikata kwa pupa yako umelikosa, na mti wa watu umeutia kidonda. Kwetu hata mtoto anoanza kutembea analijua hilo!"

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Nikaingia jikoni, nikatoka na kikapu na kisu.

"Kweli kabisa, mkwe wangu. Basi tule hili la mti wenu."

Uso ukamsawajika. "Liache, Asma, ule na watu wako usiku."

"La, mgeni hula alicholeta." Nikalipindua ili na simu ilione. Kikonyo kilikuwa kimekatwa kwa panga, sawa sawa, utomvu bado haujakauka. Nikalipasua kwa taabu. Ndani nyama nyeupe, ngumu, kama muhogo mbichi.

"Mama," akauliza Nusaiba kwa upole wa kinafiki, "hilo nalo limekatwa?"

Sikuitaja ile methali ya haraka. Ningeitaja, Bi Khairat angenitwanga kwa ganda. Nikangoja. Akalitazama doriani, akanitazama mimi, na mabega yakaanza kumcheza. Alikuwa anacheka.

"Baba Fahmi," akasema. "Nlimwambia tungoje, litaanguka. Kasema kwa mkwe hakwendwi mikono mitupu, na neno halingoji. Kapanda mwenyewe na panga."

"Na harusi?"

"Nayo kaipandia na panga hilo hilo." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Na mie nlikuja kulisema, wallahi. Sasa ntalisema vipi, na hili limenitolea macho?"

Nikamshika mkono. Nilikuwa na hofu tangu asubuhi na nikamwambia hivyo, bila ya hila safari hii. Akaniambia hata yeye hakulala.

Kisha akaisogelea simu. "Nusaiba, mwanangu, soma. Fahmi atangoja. Akishindwa kungoja nambie mie, mamake. Ila ukija mwezi wa sita niletee mbegu ya doriani lao, na iwe ya lililoanguka lenyewe. Wabembeleze hao, wakuachie moja mtini."

Nilipoinuka kumsindikiza, nikamuona anavirudisha vipande vyote viwili kikapuni na kuvifunika kawa.

"Viache, mkwe wangu, nitavitupa mie."

"Hutupi kitu," akasema Bi Khairat. "Alolikata yupo nyumbani, na leo hajala."