Upande wa Nyuma wa Shaba

Bwana Constantine, katibu wa kamati ya maonyesho ya sayansi mjini Bariadi, alikuwa mtu wa usafi. Alipoiona karatasi ya shaba mezani kwa Ng'washi, mwanafunzi wa fizikia mwaka wa mwisho, aliona fedheha ya mkoa mzima: imefubaa, na mgeni rasmi yuko njiani! Ng'washi alikuwa ametoka kidogo. Katibu akailaza juu ya kitambaa safi, akaisugua kwa majivu na ndimu, kama bibi yake alivyosugua bangili, mpaka ikang'aa.

"Mwangaluka, mwanangu," alimsalimu kwa Kisukuma, kwa fahari. "Tumekusitiri."

Ng'washi aliinama juu ya meza. Juu ya shaba ile, ndani ya tanuri la chuo, gesi ilikuwa imeacha kaboni ikajipanga kuwa grafini, tabaka lenye unene wa atomu moja tu. Baada ya miezi saba ya kushindwa, hii ndiyo pekee iliyokubali. Jumatatu ilitakiwa iwe chini ya hadubini Dar es Salaam. La sivyo, hakuna shahada mwaka huu.

"Umeifuta, baba."

"Nimefuta nini? Hapakuwa na kitu!"

Hoja nzito hiyo; kamati nzima iliiafiki kwa kutikisa vichwa.

Bahati njema, grafini haikuwa imeomba kibali cha kamati: huota pande zote mbili za shaba. Je, ule wa nyuma ulisalimika? Ng'washi alikata pembe ndogo, akaishika kwa kibanio juu ya jiko la Mama Justina, muuza chapati. Palipofunikwa na grafini, hewa haiigusi shaba. Palipo wazi, joto huitia weusi.

Mgeni rasmi akamkuta mtafiti jikoni. Wote wakainama. Upande uliong'arishwa ukawa kahawia, kisha ukasawijika. Ng'washi akaigeuza.

Nyuma, shaba ilikuwa na rangi yake ileile.

"Kwa hiyo kitu chenyewe," aliuliza mgeni rasmi, "kiko upande ambao hamkuusafisha?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Bwana Constantine akakohoa, akatwaa kipaza sauti, akautangazia umma kwamba kamati, kwa makusudi ya kitaalamu, ilisugua upande mmoja ili kupata ulinganisho. Vigelegele vikapigwa.

Ng'washi aliishika kingoni shaba iliyobaki, akaifungia kwenye kisanduku cha bati, kisha akakikalia mpaka hotuba ya mwisho.