Gogo Shingoni mwa Lupan

Mzee Vichentie alimleta mbwa wake Lupan kwetu kliniki amemlaza juu ya koti, gurudumu la mkokoteni limemkanyaga mguu wa mbele. Mifupa yote miwili chini ya kiwiko ilikuwa imekatika. Lupan hakulia. Mbwa wa kondoo wa milima hii halii mbele ya watu, anakutazama tu, kama vile unamchelewesha kazini.

"Mwezi wa tano napandisha kondoo malishoni kule mlimani," mzee akasema. "Bila huyu, dubu watanimaliza. Mguu utapona au hauponi?"

"Ukitunzwa utapona," daktari Zenobia akamjibu.

Mimi Saveta kazi yangu ni uuguzi wa wanyama, na subira yangu yote inaishia kwa wanyama hao hao. Nilimnyoa Lupan mguu mzima, nikamwosha kwa iodini, nikakaa kichwani pake kusikiliza moyo huku daktari akipanga mfupa na kuukaza kwa bamba la chuma na skrubu. Alipoanza kuzinduka nilimfunika blanketi, nikawa namwangalia fizi zisipauke na vidole visivimbe chini ya bandeji. Mambo yakaenda vizuri.

Siku ya kuondoka nilimweleza mzee neno kwa neno. Bandeji isilowe. Asilishwe akanenepa. Na kubwa kuliko yote, asikimbie mpaka tuone kwenye picha ya eksirei kwamba mfupa umeshika.

"Akikimbia, bamba litapinda. Umenielewa, mzee?"

"We dada, mimi nimefuga mbwa kabla mama yako hajaolewa. Hatakimbia."

Na kweli hakukimbia. Waliporudi baada ya wiki mbili Lupan alikuwa anaburuta mguu, na shingoni amening'inizwa gogo, nene kama mkono wangu, linamgonga miguu kila akipiga hatua. Ndivyo wachungaji wote wa huku wanavyowazuia mbwa wasifukuze paa: akitaka kutimua mbio gogo linampiga, anatulia. Mzee alikuwa anatabasamu.

"Ulisema asikimbie. Muulize yeyote kijijini kama amekimbia."

"Na hilo gogo linagonga wapi, mzee?"

Akatazama. Akaendelea kutazama, na tabasamu likamwisha. Nikalifungua gogo, nikampeleka Lupan kupigwa picha.

Kwenye picha bamba lilikuwa limepinda na skrubu mbili zimechomoka. Maji yalishazidi unga. Daktari hakuzunguka: ama mguu ukatwe, ama Lupan apasuliwe upya, achukuliwe mfupa kidogo begani wa kuziba pengo, kisha akae kizimbani kwetu mpaka kiangazi kiishe, na hata hivyo hakuna hakika.

"Mbwa wa miguu mitatu anaishi vizuri tu," akaongeza.

"Hapa kwenu anaishi. Kule juu wenzake watamla," mzee akasema. "Pasua. Na safari hii nakaa naye mwenyewe."

"Na kondoo?"

"Pahomie atawapandisha."

Pahomie ni binamu yake, mtu wa chupa. Kumwachia kondoo ni kumkabidhi fisi bucha, na mzee alilijua hilo kuliko sisi.

Basi Lupan akapasuliwa upya, kondoo wakapanda na Pahomie, mzee mwenyewe akabaki bondeni kwa mara ya kwanza tangu aote ndevu. Kila asubuhi alikuja na ugali wake na jibini, akaketi sakafuni mlangoni mwa kizimba. Watu walioleta paka wao kutibiwa wakamtania: "Mzee Vichentie, kumbe aliyefungwa ni wewe?" Akawajibu kwamba ndiyo, na kifungo si kibaya. Nilimfundisha kupapasa vidole vya Lupan kama vina joto, nikamkaripia kila alipokosea, naye hakunirudishia hata neno. Hilo liliniuma. Afadhali angenitukana.

Mwezi wa saba simu ikalia. Alikuwa Pahomie, analia: yeye alilala, dubu akaingia zizini, kondoo wengi wamekufa na waliobaki wametawanyika msituni. Anamtaka mzee apande leo hii. Nikaibeba simu mpaka kizimbani, nikamweleza yote bila kupunguza.

Mzee alikuwa amejilaza sakafuni, na kichwa cha Lupan, kizito kile, kiko juu ya mkono wake. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Mwambie awakusanye waliobaki awashushe," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi sasa hivi siwezi kuinuka. Ndiyo kwanza amepata usingizi."