Kigari cha Buluu

Theluji ilifunika barabara yetu ya Ixelles, kila gari likawa kichuguu cheupe. Siku ile binti yangu Régine alikuwa anaanza kazi hospitalini, kule Jette, upande wa pili wa mji, saa mbili kamili. Bon, nikafukua kigari chetu kwa mwiko wa bugali, polepole, kama muntu anayeota. Mlango ukatokea, mwekundu. Chetu ni cha buluu.

“Papa, umefukua gari la watu! Nitachelewa!”

Dirisha likafunguka juu yetu. Jirani Staf, aliyekuwa padri Bukavu, alikuwa anacheka. “Papa Éliézer, aksanti kwa kufukua langu! Ngojeni nivae viatu, nitawapeleka.”

Tukaondoka kwa gia ya pili, bila kelele, kama tunapita ndani ya wingu. Jette tukafika saa mbili kasoro dakika tano. Kigari chetu kilibaki kimelala, sijui chini ya kichuguu gani.