Nakala za Mama Kaboni

Wanafunzi wenzangu waliniita Mama Kaboni, na sikuwakataza. Wengi wao ni rika la mwanangu wa mwisho, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika karatasi ya kaboni. Walijua tu kwamba yule mama wa kiti cha mbele hana kitu asichokiwekea nakala. Ratiba ya mitihani wao wanaipiga picha kwa simu, basi. Mimi naipiga picha, naiandika kwa mkono, kisha naibandika jikoni. Wakinicheka nawaambia chekeni tu, nyie hamjapotelewa.

Mimi nimepotelewa. Mara ya kwanza nilipokuwa chuo, intaneti ilikuwa bado haijatufikia. Kitabu kilikuwa kimoja kwa darasa zima, unakiazima kaunta kwa saa moja, unanakili hadi vidole vinakufa ganzi, na ukifika kwenye ukurasa unaoutaka unakuta mwenzako ameshauchana. Matokeo yalibandikwa ubaoni, tukakanyagana kuyatafuta. Tasnifu yangu niliichapa kwa taipureta ya kuazima, mbio mbio kwa sababu mwenyewe alikuwa anaitaka, na sikuweka kaboni ya kutoa nakala. Nikampelekea mhadhiri karatasi zenyewe. Likizoni ofisi yake ikapakwa rangi, makaratasi yakatolewa nje, na yangu hayakurudi ndani. "Lete nakala," akaniambia, kana kwamba ananiomba chumvi. Nikatakiwa kurudia mwaka, lakini nilikuwa tayari na mimba ya mtoto wa kwanza. Nikaenda kutafuta kazi.

Niliipata, ukarani katika ofisi ya shule ya msingi, na huko hakuna barua iliyotoka bila nakala kubaki kabatini kwangu. Nilipostaafu nikarudi chuo kumalizia nilichokiacha. Safari hii niliandika juu ya watoto wa darasa la kwanza wanaochelewa shuleni, watu niliowatazama dirishani miaka yote ile, wakiingia na mabegi yao wakijitia hamnazo.

Kompyuta tulitumia moja, mimi na Kitinda. Huyo ndiye kitindamimba wangu, naye alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo kingine. Alinifungulia mahali pa kuandikia mtandaoni, panapojihifadhi penyewe, akanionyesha mara moja tu. Nikamwambia inatosha. Nilichapa kwa vidole vyote kumi, macho hayaangalii chini, kama nilivyofundishwa ujanani, na kwa kweli nilijivuna. Kwenye ukurasa wa shukrani, baada ya kumshukuru Mungu na marehemu mume wangu, niliandika: "Kazi hii nimeichapa mwenyewe mwanzo hadi mwisho, bila msaada wa mtu yeyote." Kitinda aliusoma ukurasa huo akatabasamu.

"Hongera, mama," akasema.

Lakini hapo panapojihifadhi penyewe mimi sikupaamini. Siku moja nilifungua kompyuta nikakuta ukurasa wa chuo cha Kitinda uko wazi, umeandikwa: Wasilisha hapa. Kazi yako itahifadhiwa. Nikasema moyoni, hatimaye nimepata kabati. Nikatia nakala yangu humo kwa moyo mweupe, nikafunga, nikaenda kupika. Sikumwambia, kwa sababu sikuona kama kuna cha kumwambia.

Ulipofika wakati wa kuwasilisha chuoni kwangu, kazi ilipitishwa kwenye mtambo unaokagua wizi wa maandishi. Mtambo ukasema karibu kila sentensi yangu imeshaandikwa na mwanafunzi wa chuo kingine. Vyuo vikaulizana, jina likatoka. Chuo cha Kitinda kikamjulisha kwamba kinasubiri kauli ya kamati ya nidhamu ya chuo changu: ikionekana yeye ndiye aliyeniandikia, anafukuzwa.

Alinikuta jikoni, simu mkononi.

"Mama, tasnifu yako uliiweka wapi?"

"Kwako. Nilikuta pako wazi."

"Kwangu wapi?"

"Pale pameandikwa itahifadhiwa."

Akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. "Mama jamani! Lile si kabati! Pale ukiweka kitu ndiyo umeshasema ni kazi yangu!"

Zamani nilikosa nakala moja nikapoteza mwaka wangu. Sasa nilikuwa na nakala ya ziada, na aliyekuwa anapotea ni mtoto. Nililia mbele yake bila aibu, na yeye, badala ya kunigombeza, akainuka akazima jiko, maana chakula kilishaanza kuungua.

Siku ya kamati tulikaa bega kwa bega upande mmoja wa meza ndefu. Upande wa pili walikaa mwenyekiti, mzee wa rika langu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na msimamizi wangu, kijana ambaye huniamkia shikamoo kabla ya kunikosoa. Mwenyekiti akasoma mashtaka, akaniuliza nina la kusema.

Nilishapiga moyo konde tangu nyumbani. "Mheshimiwa, andika kwamba nimeiba mimi. Cheti nimeishi bila hicho, naweza kuendelea. Huyu mtoto muacheni amalize."

"Mama, acha hayo. Waambie ulidhani ni kabati," Kitinda akasema.

"Nyamaza wewe."

Msimamizi akakohoa. "Mwenyekiti, naomba kitu kimoja. Mama aliandikia mtandaoni. Kule kila herufi inaacha kumbukumbu, nani kaandika na lini. Akituruhusu, tuangalie."

Nikaruhusu. Sikujua kama kuna kitu kama hicho duniani. Akawasha projekta, na ukutani nikaiona tasnifu yangu ikianza upya: kichwa cha habari, nikakifuta, nikakiandika tena, nikakifuta. Maneno yangu yalikuwa ya buluu. Watoto wangu wa darasa la kwanza wakawa wanaingia mmoja mmoja, wamechelewa vilevile. Nilianza kupumua.

Kisha ikatokea rangi ya kijani.

"Huyu wa kijani ni nani?" mwenyekiti akauliza.

Kijani kilikuwa kila ukurasa, kila siku baada ya mimi kumaliza kuandika. Nilimgeukia Kitinda, naye alikuwa ameinamisha kichwa. Moyo ukanipasuka. Nikadhani mwanangu ameniandikia kweli, na kwamba yote niliyojivunia ni yake.

"Ni mimi," akasema. "Lakini sijaandika kitu."

Msimamizi akabonyeza kijani cha kwanza, cha pili, akaendelea kubonyeza. "Ni kweli. Hakuna herufi aliyoongeza. Anafuta tu. Kila mwisho wa mstari mama amebonyeza kitufe cha kushuka, sasa maandishi yanakatika ovyo katikati ya sentensi. Huyu anayaunganisha."

Mwenyekiti akavua miwani. "Mama, wewe ulijifunzia taipureta?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa unasubiri kengele."

Ni kweli. Taipureta ilikuwa inalia kengele mstari unapokaribia kuisha, nawe unasukuma kigari kurudi mwanzo. Kengele haikuwepo tena, lakini kidole changu kiliendelea kuisikia. Mwenyekiti alicheka peke yake mpaka akajifuta macho.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza Kitinda.

"Ulikuwa unafurahi sana, mama. Niliogopa ukijua utaacha."

Msimamizi alikuwa bado anabonyeza, na ukuta ukasimama kwenye ukurasa wa shukrani. Ile sentensi yangu ilikuwa pale, imekatika vipande viwili. Kijani kikaingia katikati, baada ya "mwanzo hadi mwisho", kikaziba pengo. Mwanangu ndiye aliyeninyooshea "bila msaada wa mtu yeyote", akanipa hongera. Niliona haya mbele za watu wote wale, na nilimpenda kiasi cha kutaka kumbeba mgongoni, mtu mzima yule.

Kamati ilitoka nje, haikukawia kurudi. Mwenyekiti akasema hakuna aliyeiba, chuo cha Kitinda kitaandikiwa leo hii na nakala iliyoko kule itafutwa. Akanionya kuhusu makabati ya watu. Msimamizi akachukua muhuri aipitishe tasnifu yangu.

"Subiri, mwanangu," nikasema. "Kuna sentensi ya uongo humo."

Wakatazamana, kisha mwenyekiti akanisogezea kompyuta. Nikafuta yale maneno ya majivuno. Nikaanza upya, polepole, nikimtaja Kitinda kwa jina lake la shule. Nilipofika mwisho wa mstari, kidole kikabonyeza chenyewe kabla sijakizuia, na sentensi ikakatika mbele ya kamati nzima.

Nikamsogezea yeye. "Futa," nikamwambia. "Leo futa nikikuona."